Mume amepooza, dagaa wameoza, na maombi yamenikauka

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wako wa huku Kigoma, naishi Kibirizi, nina miaka 39, nina mume na watoto wanne. Naomba jina langu usiliandike, maana huku mwaloni tunajuana wote.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, anavua usiku kwa taa, mimi naanika na kuuza. Hatukuwa matajiri ila tulikuwa tunakula na watoto wanasoma. Ziwa lilipofungwa mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, tulimaliza akiba yote. Tukavumilia. Niliuza maandazi na mawese ya kupima, tukavuka, ziwa likafunguliwa tukaanza upya. Hata ushuhuda nilitoa kanisani kwamba Mungu ametushika mkono.

Mambo yameharibika masika haya. Nilikopa milioni moja na nusu kwa mtu wa kausha damu, hii mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, nikanunua dagaa wabichi kipindi cha giza, zile siku ambazo hakuna mbalamwezi, dagaa wanapatikana kwa wingi na bei inashuka. Nikawatandaza kwenye vichanja. Mvua ikanyesha mfululizo. Tunafunika turubai, tunafunua, tunafunika tena. Jua lilipotoka wengi walikuwa wananuka, ukiwashika wanavunjika mkononi, wengine wameingia funza. Mwenzangu mmoja wa biashara akanifundisha: "Pakia wazuri chini na juu, wabovu katikati. Gunia linakwenda Dar, nani atakujua?" Nilianza kupakia, mama. Gunia la kwanza lilifika nusu. Nikashindwa, nikalimwaga chini. Wale wazima niliuza, walikuwa wachache, na wabovu nikawaachia watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Watu walinicheka. Labda nilikuwa mjinga, kwa sababu hata mwezi haukuisha mume wangu akaanguka bafuni alfajiri. Kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto havifanyi kazi, mdomo umepinda, maneno yanatoka kwa shida. Ndiyo malipo ya uaminifu hayo?

Mwenye deni anakuja kila wiki. Anashikilia kitambulisho changu cha NIDA na sasa anataka injini ya mtumbwi. Kanisani mzee mmoja wa kanisa aliniambia nichunguze maisha yangu, kuna mlango nimeufungua, akaniuliza zaka mara ya mwisho nilitoa lini. Nilikosa la kusema. Halafu kuna mtumishi anayeombea watu kwa simu, nilimtumia 120,000 ya kufungua kifungo, sasa anasema kifungo ni cha ukoo, inatakiwa 200,000 nyingine.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, amekuja kutoka Uvinza. Anasema kaka yake ametupiwa, siyo ugonjwa wa hospitali. Amempata mganga ng'ambo ya Malagarasi, wameongea kwa simu, na mganga amesema aliyefanya hivi ni mtu wa karibu anayeingia kwetu na chakula. Anataka 300,000 na mbuzi mweupe. Amesema pia vidonge vya presha viachwe siku saba kabla ya kwenda, ili dawa zisigombane. Mume wangu akiulizwa anasema "nipelekeni tu." Safari imepangwa mwisho wa mwezi ujao.

Mama, anayeingia kwetu na chakula ni jirani yetu, mama wa Kiislamu. Tangu mume wangu aanguke analeta ugali wa muhogo na mboga, siku nyingine migebuka, haulizi chochote, anasema tu Nabii Ayubu alipita pakubwa kuliko hapa. Sasa nimeanza kumwangalia vibaya. Mara ya mwisho sahani yake nilimwagia bata. Mungu anisamehe.

Zamani nilikuwa naamka saa kumi usiku kuomba. Sasa napiga magoti, maneno hayaji, nabaki nimeshika ukingo wa kitanda mpaka nasikia adhana ya alfajiri. Kanisani nakwenda kwa sababu ya watoto. Kwaya ikisimama nasimama, nafungua mdomo tu. Mwenzangu akitoa ushuhuda kwamba amenunua kiwanja roho inaniuma, nasema moyoni, mbona mimi?

Je, nimeshamkana Mungu bila kujua? Nikiruhusu mume wangu apelekwe nitakuwa nimemwasi? Na nikikataa akafa, ukoo mzima utasema nimemuua. Nifanye nini?

Mama wa vichanjani, Kibirizi


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole. Pole na mgonjwa, pole na hasara, pole na hayo maneno ya kanisani.

Nianze na vidonge, kwa sababu hilo halisubiri mwisho wa mwezi. Visiachwe hata siku moja. Mtu aliyekwisha kupata kiharusi, presha ikipanda tena bila dawa, yuko karibu sana na kiharusi cha pili, na cha pili mara nyingi ndicho kinachoua au kumlaza mtu moja kwa moja. Kama vimeanza kurukwarukwa kwa sababu ya maneno ya mganga, au kwa sababu hela ya kununua imekosekana, mpeleke hospitali ya mkoa pale Maweni wiki hii, uwaambie ukweli kwamba vimekatika. Waulize pia kuhusu mazoezi ya viungo, yaani mtu wa kumfundisha kukunja na kukunjua ule mkono, kusimama, kuhamisha uzito kwenye mguu. Miezi ya mwanzo ndiyo mwili unarudisha nguvu nyingi zaidi, na mengi ya mazoezi hayo mnaweza kuyafanya nyumbani, watoto wakisaidia. Kwenye barua yako sikuona mahali popote ulipotaja mazoezi. Ndiyo maana nimeliweka mbele.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza kama umemkana Mungu, na kwenye barua hiyohiyo umelijibu mwenyewe bila kujua. Umelijibu pale kwenye gunia.

Nalijua lile gunia. Nimeona wanawake wakipakia dagaa, najua linavyoshonwa mdomo na kupigwa alama, na najua kwamba likishafika Dar es Salaam na kufunguliwa sokoni hakuna atakayekumbuka lilianikwa kichanja cha nani. Ulikuwa na deni la kausha damu. Ulikuwa na watoto. Ulikuwa umeshajaza nusu. Hakuna mchungaji aliyekuwepo, hakuna kwaya, wala hukusikia sauti kutoka mbinguni. Ukalimwaga chini kwa sababu mwanamke fulani wa mbali usiyemjua angewapikia wanawe kile kilichokuwa katikati. Mwanangu, ukiniuliza uaminifu kwa Mungu wakati wa shida unaonekanaje, nitasema unaonekana hivyo. Maneno yalikuwa bado yapo wakati ule, sasa yamekwisha, lakini aliyemwaga gunia ndiye huyuhuyu anayepiga magoti saa kumi na kushika ukingo wa kitanda. Mtu aliyemkana Mungu hapigi magoti saa kumi usiku. Analala.

Unasema, ndiyo malipo yake hayo? Hapa sitakudanganya. Gunia lile halikuleta kiharusi, na wala lisingekikinga. Presha ilikuwa inampanda mumeo pengine kwa miaka, bila dalili, kama inavyowapanda watu wengi, wacha Mungu na wasiomcha. Sisi tumezoeshwa na mahubiri ya siku hizi kuamini kwamba ukitenda haki mlango wa biashara unafunguka Jumatatu. Wakati mwingine unafunguka, nami nafurahi na wale wanaotoa ushuhuda. Lakini Biblia haikuahidi hivyo kila mara. Nabii Habakuki aliorodhesha hasara kama mtu anayefunga hesabu za mwaka mbaya: mtini bila maua, mizabibu bila matunda, mzeituni umepoteza kazi yake, mashamba bila chakula, zizi bila kondoo, banda bila ng'ombe. Baada ya yote hayo akasema, walakini nitamfurahia Bwana. Soma sura ile ya tatu mpaka mwisho. Hakuna mstari unaosema kwamba baadaye zizi lilijaa. Aliishia palepale kwenye walakini yake.

Kwa nini wewe? Sina jibu, na naomba umwogope kidogo mtu yeyote mwenye jibu la haraka. Wanafunzi wa Yesu walipomwona yule kipofu wa tangu kuzaliwa, waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Wakajibiwa, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Na rafiki za Ayubu, ambao walikuwa na maneno mazuri ya dini kuliko sisi sote, mwishoni Mungu mwenyewe aliwakasirikia, akasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Wao walimtetea Mungu kutwa nzima. Ayubu alilalamika kutwa nzima. Aliyekubaliwa ni mlalamikaji.

Kwa hiyo twende kwenye maombi yako yaliyokauka. Nadhani hayajakauka. Nadhani kilichokauka ni maneno ya shukrani uliyoyazoea, na huna ruhusa, au unadhani huna, ya kusema yale mengine. Ndani yako kuna "mbona mimi?" nawe unaifungia nje ya maombi, unaiona ni dhambi ya wivu, halafu unashangaa mbona nikipiga magoti hakuna kinachotoka. Kitatoka nini wakati chenyewe umekizuia mlangoni? Mwambie Mungu hilo hilo. Mwambie, wengine wananunua viwanja, mimi namgeuza mume wangu kitandani. Daudi alisema, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na wimbo huo ukaimbwa hekaluni, haukufichwa. Zaburi ya 88 ni nzito zaidi. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wangu na inaishia gizani, bila shukrani, bila asubuhi, bila chochote cha kututuliza. Wazee wa Israeli waliiacha hivyohivyo kwenye kitabu cha sala. Nimewahi kukaa na wajane na wagonjwa wengi, na Zaburi hiyo nimeisoma nao mara nyingi kuliko ile ya 23.

Basi usijilazimishe saa nzima. Saa kumi ukiamka, soma Zaburi ya 13 kwa sauti ndogo, ni mistari sita tu, halafu ulale tena, maana na usingizi unauhitaji. Usipoweza kusoma, sema "Bwana" na unyamaze. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba hatujui kuomba ipasavyo na Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuugua huko ndiko unakokufanya pale kitandani. Na kwaya usiiache. Simama na wenzako hata ukiwa umefunga mdomo, waache wakuimbie. Wewe uliwaimbia wangapi waliosimama hapo wamefunga mdomo, na hukujua?

Naomi pia umkumbuke. Tunamhubiri Ruthu sana, Naomi tunampita. Alifiwa na mume na wana wawili nchi ya ugenini, akarudi Bethlehemu, na wanawake wa mji walipomkimbilia, hakuwapa ushuhuda mtamu. Aliwaambia waziwazi kwamba Mwenyezi Mungu amemtenda mambo machungu sana. Alisema hivyo akiwa ameshafika nyumbani, miguu yake imemrudisha kwa watu wa Mungu hata kama mdomo wake ulijaa uchungu. Na chakula kilimfikiaje? Kwa mkwewe Mmoabu, mgeni, mwanamke wa taifa lingine, aliyekwenda kuokota masazo shambani kwa sababu torati iliwaagiza wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, wawaachie maskini na mgeni. Hakikushuka kutoka mawinguni.

Hapo ndipo nataka tumzungumzie jirani yako.

Umesema analeta ugali wa muhogo, haulizi chochote, na anakupa neno la Nabii Ayubu. Kisha mtu wa ng'ambo ya Malagarasi, asiyewahi kukanyaga Kibirizi, akasema adui ni anayeingia na chakula. Fikiri, mwanangu. Nyumba gani yenye mgonjwa wa kiharusi haiingii mtu na chakula? Angesema hivyo Kasulu, angesema Urambo, angesema popote, na kila nyumba ingepata mtu wa kumtazama vibaya. Hiyo ndiyo ramli chonganishi, na serikali inaipiga marufuku kwa sababu nchi yetu imezika wanawake wengi, hasa wazee, waliotajwa kwa namna hiyohiyo. Mganga wa namna hii hakuuzii dawa. Anakuuzia jina la mtu. Ukishalinunua huwezi kulirudisha, nawe umeshaanza kulilipia kwa kumwagia bata chakula cha mwanamke aliyekulisha.

Sisemi haya kwa kudharau miti shamba. Kuna waganga wa tiba asili waliosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, wanatibu na hawapigi ramli wala hawakatazi hospitali. Huyu wa mbuzi mweupe siye. Anayeachisha mtu vidonge vya presha kwa simu, bila kumpima, anacheza na uhai wa mumeo. Na kwa upande wa imani yako, jibu liko wazi: Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, limewakataza watu wa Mungu kutafuta wapiga ramli, na halikuweka msamaha kwa wenye shida kubwa. Wenye shida kubwa ndio hasa huwa wanatafutwa.

Lakini wifi yako usimfanye adui. Anampenda kaka yake, ameacha nyumba yake Uvinza akaja kumwuguza, na ukimpinga kwa mistari ya Biblia mbele ya watu atakuona unamnyima ndugu yake kupona. Mkae wawili, jioni, mgonjwa akiwa amelala. Mwambie: "Wifi, mimi na wewe tunamlilia mtu mmoja. Hiyo laki tatu na bei ya mbuzi, naomba kwanza tuitumie kwa dawa zake na nauli ya mazoezi miezi miwili hii. Twende wote hospitali, na wewe umsikie daktari kwa masikio yako." Mara nyingi ndugu wanakimbilia kwa mganga kwa sababu hospitali hakuna aliyewaeleza kitu, wanaona vidonge tu na mgonjwa yuko vilevile. Akieleweshwa na daktari huenda akalegea kuliko akigombezwa na wewe.

Mumeo naye. "Nipelekeni tu" siyo maneno ya mtu anayemwamini mganga. Ni maneno ya mtu aliyechoka kuwa mzigo. Mwanaume aliyezoea kurudi alfajiri na samaki, leo anaogeshwa. Muulize anachoogopa, umpe muda wa kutafuta maneno, usimmalizie sentensi. Mpe na kazi anayoiweza: ahesabu fedha, apange nyavu kwa mkono mzima, awasikilize watoto wakisoma.

Na kama baada ya yote hayo wakaamua kumpeleka? Wewe usichangie hela, usiende, na usigombane naye kitandani. Sema mara moja, kwa upole, mbele ya wote wawili, kwamba kwa imani yako huwezi, na kwamba vidonge vitaendelea kumezwa njia nzima. Hutakuwa umemwasi Mungu kwa uamuzi wa mtu mzima mwingine. Na ikitokea lolote, ukoo ukasema umemuua, utakuwa na cheti cha kliniki kinachoonyesha ulimpeleka na ulifuata dawa. Maneno ya ukoo yanauma, nayajua. Ila wewe ndiwe uliyekuwa unamgeuza usiku, siyo wao.

Huyo mtumishi wa simu usimtumie hata shilingi. Elisha alipomponya Naamani ukoma alikataa kupokea chochote, ingawa Naamani alikuja na fedha, dhahabu na mavazi. Aliyekimbia nyuma ya gari kudai fedha ni Gehazi, na Biblia inaeleza alichorudi nacho: ukoma. Kifungo kilichogharimu 120,000 jana na 200,000 leo, kesho kitakuwa na bei nyingine. Mungu hakuwekewa namba ya simu.

Kuhusu zaka, yule mzee wa kanisa nadhani alikusudia mema, lakini alikuumiza, na alisahau upande wa pili wa zaka. Katika torati, zaka ya mwaka wa tatu iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Ilikuwa chakula cha watu waliofikwa kama wewe. Na Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Toa ulicho nacho, hata kama ni kufagia kanisa, na usilale na hofu hiyo. Kisha nenda kwa mchungaji mwenyewe, siyo kwa mzee, umweleze hali yote, na uombe kitu kinachoshikika: akina mama wawili watatu wakushikie zamu ya mgonjwa siku moja kwa wiki ukae vichanjani bila wasiwasi. Watu wengi kanisani wanatamani kusaidia na hawajui wasaidie nini, ndiyo maana wanabaki kutoa nasaha.

Deni. Usimkimbie mdai, na usikope kwingine kumlipa huyu. Anayefanya biashara ya kukopesha, hata awe mtu mmoja, anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mwombe mkataba na leseni mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mbele yake hapohapo udai kitambulisho chako, maana kitambulisho cha taifa siyo kitu cha kuwekwa rehani. Pendekeza kiasi unachoweza kulipa kila mwezi na kiandikwe. Injini usiitoe kabla ya kikao hicho. Mkodishie mvuvi mwingine mtumbwi na injini kwa mgawo, kwa maandishi, ili kipindi cha giza kikija ziwe kazini. Halafu mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Wewe unaweza kuingia kwa kikundi cha wanawake, na mumeo kwa hali aliyonayo sasa muulizie kwenye ile mbili. Haitatoka kesho, ila anza.

Kwa jirani yako nenda leo. Huna haja ya kumsimulia mambo ya ramli, utamjeruhi bure. Peleka sahani, mshukuru, mwambie ulikuwa umelemewa na hukumpokea vizuri siku zile. Akikutajia tena Nabii Ayubu, kaa umsikilize.

Ukishaonana na daktari, niandikie amesema nini kuhusu ule mkono.